Nyumba ya ufukweni 1,500, apatimenti ya dada yangu 7,500: tuijadili kodi ya majengo

#1, Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Mimi ni fundi umeme hapa Dar, huu mwaka wa kumi na nne. Kazi yangu inanipitisha kwenye nyumba za kila namna, na mita za umeme nimeziona nyingi. Kilichonifanya nifungue uzi huu ni siku moja tu ya kazi, mwanzoni mwa mwezi.

Asubuhi niliitwa Mbezi Beach. Nyumba ya chini, haina ghorofa, lakini kubwa: bwawa la kuogelea, nyumba ya mlinzi, jenereta kubwa, na geti la nyuma ukilifungua unakanyaga mchanga wa bahari. Umeme umeisha, tokeni haiingii. Tatizo lilikuwa betri za kirimoti cha LUKU, ile mita ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, nikaweka mpya. Dada wa nyumbani akanunua umeme wa laki moja mbele yangu, akanipa simu nimsomee namba. Nikaona makato ya kodi ya jengo: shilingi 1,500.

Mchana nikapita Upanga kwa dada yangu. Yeye ana apatimenti ya vyumba viwili, ghorofa ya nne, lifti ina miezi imelala. Aliinunua kwa mkopo na bado analipa. Akanunua umeme wa 20,000 nikiwa naangalia soketi ya jikoni. Makato: 7,500.

Jioni nikafika Mbagala kwa baba. Nyumba ya vyumba sita, baba anaishi viwili, vinne vina wapangaji. Mmoja wa wapangaji ni mama lishe, zamu ya kununua umeme ilikuwa yake na mfukoni alikuwa na 2,000. Siku zote hela hiyo inampa uniti tano na nusu hivi. Jioni ile yalikatwa 1,500, ikabaki 500, akapata uniti 1.4. Akaniuliza, "Baba mdogo, mita imeharibika?" Mita nzima kabisa. Mwezi ndio umeanza.

Siku moja, nyumba tatu, nami nilizigusa zote kwa mikono yangu. Tangu siku hiyo jambo hili halijanitoka.

Kwa ambao hawafuatilii, hali iko hivi kwa Tanzania Bara. Zamani kodi ya majengo ilikuwa ya halmashauri na sheria iliruhusu itozwe kwa thamani ya jengo: mthamini anapita, anaandika kwenye daftari, unatozwa asilimia ndogo ya thamani hiyo. Kumbukeni ni thamani ya jengo, kwa sababu ardhi kwetu ni ya umma na ina kodi yake, ile ya pango la ardhi inayolipwa Wizara ya Ardhi. Wengi wanazichanganya hizi mbili. Ukusanyaji nao umehamahama: 2008 TRA, mamlaka ya mapato, ikapewa Dar, 2014 ukarudi manispaa, 2016 TRA tena. Wathamini ni wachache na nyumba zinaota kila siku, kwa hiyo majengo mengi hayakuwahi kuingia kwenye daftari lolote. Ndipo tukaletewa kiwango kimoja kwa wote: 10,000 kwa mwaka nyumba ya kawaida, na 50,000 kwa kila sakafu ya ghorofa mijini.

Agosti 2021 ikaingizwa kwenye LUKU: 1,000 kwa mwezi nyumba ya kawaida, 5,000 kwa kila sakafu au kila apatimenti yenye mita yake. Julai 2023 vikapanda kuwa 1,500 na 7,500. Kwa mwaka ni 18,000 na 90,000.

Sina ugomvi na kodi yenyewe. Mtaa wetu wa Mbagala unahitaji mitaro, kila masika tunahamisha magodoro. Na njia ya LUKU imerahisisha kweli, foleni za Juni tulizokuwa tunapanga na makaratasi mkononi zimekwisha. Ninachokipinga ni hiki: kodi imeacha kuitazama nyumba. Inauliza swali moja tu, ina ghorofa au haina? Mwenye bwawa na bahari uani analipa moja ya tano ya anayolipa dada yangu kwa vyumba viwili vya mkopo, na analipa sawasawa na baba yangu wa Mbagala. Tena kwa Mbagala analipa mama lishe.

Karibuni tujadili.

#2, Mpangaji, Tabata

Mkuu umegusa penyewe. Mimi nimepanga chumba na sebule, mita yangu mwenyewe. Tangu 2021 kila tarehe moja nakatwa. Nilipomwambia mwenye nyumba akasema "hiyo ni ya umeme, mimi haunihusu". Nikimwambia nitakata kwenye kodi ya pango, nimeshamlipa miezi sita mbele, nitakata wapi? Nyumba ina mita nne, wapangaji wanne, na sote tunakatwa. Hii ni halali?

#3, Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Tabata, pole. Kisheria kodi hii ni ya mwenye jengo. Serikali ilisema tangu mwanzo kwamba mpangaji aliyekatwa akubaliane na mwenye nyumba wake warudishiane. Ugumu ni huo ulioutaja: Dar tunalipa pango miezi sita au mwaka mbele, mpangaji hana cha kushikilia. Nimewashauri wapangaji wa baba wafanye hivi, na kwetu imefanya kazi: kila mwezi aliyekatwa anapiga picha ujumbe wa tokeni, anahifadhi. Siku ya kulipa pango la miezi sita mingine anaonyesha, inatoka 9,000. Kwenye mkataba mpya tumeandika mstari mmoja kwamba kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba. Mstari mmoja tu, lakini unamaliza ubishi wote wa kibarazani.

La mita nne ni kosa linalorekebishika. Nyumba ya kawaida ni moja hata ikiwa na mita kumi, inatakiwa ikatwe kwenye mita moja. Hata sisi Mbagala tulikuwa na mita tatu: ya ndani, ya wapangaji na ya kibanda cha duka. Zote zikawa zinakatwa. Nilikwenda ofisi husika mara tatu. Mara ya kwanza nikaambiwa niende ofisi nyingine, nyingine ikanirudisha kule kule. Mara ya tatu nikaenda na karatasi moja niliyoandika namba za mita zote tatu, jina la mmiliki lilivyo kwenye kitambulisho, na barua ya serikali ya mtaa inayosema majengo yale ni nyumba moja. Wiki mbili baadaye mita mbili zikaachwa. Zilizokwisha kukatwa hazikurudi.

Kwa hiyo mwambie mwenye nyumba aende yeye, maana ndiye mwenye jina. Akikataa, nendeni wapangaji wote wanne mkamwone mjumbe, si mmoja mmoja.

Jambo jingine wengi hawalijui: ukifunga nyumba miezi minne bila kununua umeme, deni linakusubiri. Siku unanunua linakatwa lote kwa mkupuo, 6,000 kwa nyumba ya kawaida, 30,000 kwa apatimenti. Kuna mama aliniita usiku akidhani ameibiwa tokeni, kumbe alikuwa safarini tangu Pasaka. Na anayehamia kwenye chumba kilichokaa wazi anarithi deni la mtu. Kabla hujachukua funguo, nunueni umeme wa kwanza pamoja na mwenye nyumba akiwa amesimama pale pale.

#4, Mkazi wa Kunduchi

Naomba na sisi wa ufukweni tusikilizwe. Marehemu mzee wangu alijenga hapa akiwa mtumishi wa kawaida, wakati huo huku palikuwa pori na watu walimcheka. Leo wanatuita matajiri. Bahari imetula. Mnazi niliokuwa napanda nikiwa mdogo sasa uko ndani ya maji, na mawe ya kuzuia mmomonyoko tunanunua wenyewe kwa lori. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji. Sisi tulikuwepo kabla yake, lakini leo siwezi kuongeza hata chumba upande wa bahari. Kodi ya pango la ardhi nalipa, na kiwanja kikubwa kina mita nyingi za mraba, si mchezo.

Mama yangu ana miaka 74. Ukisema atozwe kwa thamani, mthamini atakuja aandike mamilioni mangapi sijui. Thamani ile iko kwenye karatasi. Mama mkononi ana pensheni ya mume wake. Auze ahame ili alipe kodi?

#5, Mwanzisha uzi

Shikamoo kwa mama. Nimeisoma mara mbili na nimeielewa, na kwenye #1 nilizungumza kana kwamba kila nyumba ya ufukweni ina bwawa na jenereta. Hapo nilikosea.

Ila kwanza nikupe la haraka: mama yako hatakiwi kukatwa hata hiyo 1,500. Mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea ana msamaha kwa nyumba moja anayoimiliki na kuishi mwenyewe, isiyo ya biashara. Nenda kamfuatilie. Maelezo nitayaweka chini, maana nimelipitia kwa baba.

Sasa hoja yenyewe. Sitaki thamani ya soko ya kila mwaka. Sitaki mthamini aje kila Januari kuuliza jirani kauza bei gani. Ninachoomba ni madaraja, na yanaweza kuwa manne tu, yapangwe kwa vitu viwili: eneo ilipo nyumba na ukubwa wa jengo kwa mita za mraba. Vibanda vya Chanika na majumba ya Masaki visikae kwenye mstari mmoja. Na apatimenti ihesabiwe kwa ukubwa wake. Hebu tazameni: sakafu moja Upanga ikiwa ya familia moja yenye mita moja ni 7,500. Sakafu ile ile ikigawanywa apatimenti nne zenye wenye hati wanne ni 30,000. Jengo halijaongezeka tofali hata moja. Tangu sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya 2008 watu wa kipato cha kati wamehimizwa wanunue huko juu, ardhi ya mjini isimalizwe. Wamenunua, na kodi inawakuta kama wenye maghorofa.

Dada yangu akishalipa hiyo analipa na mchango wa jengo: mlinzi, pampu ya maji, taka, taa za ngazi. Lifti niliwaambia. Mwenye nyumba ya chini mlinzi wake anamlinda yeye. Dada anachangia ngazi ambazo hata hazikanyagi, kwa sababu anakaa ya nne na bomba lililopasuka liko ya saba.

#6, Mdau, Tampa, Florida

Habari za nyumbani. Mimi niko Florida, na nataka niwaonyeshe upande wa pili, huku ambako kodi ya nyumba inafuata thamani moja kwa moja, ili mnapoiomba mjue mnaomba nini.

Kaunti ina mthamini wa kuchaguliwa kwa kura. Kila Januari 1 anapanga thamani ya nyumba yako. Kiwango wanakiita mili: mili moja ni dola 1 kwa kila dola 1,000. Tuseme thamani inayotozwa ni dola 250,000 na jumla ya mili ni 18, utalipa dola 4,500 kwa mwaka. Humo kuna shule, kaunti, mji. Bili inatoka mwanzoni mwa Novemba. Ukilipa mwezi huo unapunguziwa asilimia 4, Desemba 3, Januari 2, Februari 1. Aprili 1 ukiwa hujalipa umechelewa, deni lako linauzwa kwa mnada kama cheti, riba yake inaweza kufika asilimia 18. Cheti kikikaa miaka miwili hakijalipwa, aliyekinunua anaweza kuomba nyumba iuzwe.

Mwenye kuishi kwenye nyumba yake analindwa. Anapata punguzo la makazi, na thamani ya kutozea haiwezi kupanda zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka hata soko likipaa. Kinga hiyo wananchi waliipigia kura 1992. Lakini nyumba ikiuzwa, kinga inaanguka, Januari 1 inayofuata thamani inarudi ya soko. Mimi nilinunua kondo, yaani apatimenti ya kumiliki, mwaka 2022. Mwaka wa kwanza bili ilikuwa ndogo nikafurahi, kumbe ilikuwa bado inatembea na kinga ya mwenyewe wa zamani. Mwaka wa pili benki ikaniandikia kwamba akaunti ya kodi imepungukiwa, malipo yangu ya mkopo ya kila mwezi yakapanda kwa mamia ya dola. Jirani yangu mlango wa kushoto, kondo sawa na yangu, yuko hapa tangu 2009, analipa chini ya nusu yangu. Tunasalimiana vizuri tu, lakini mwezi ule nilikuwa nauangalia mlango wake kwa uchungu.

Nami nilisahau kuomba punguzo la makazi kabla ya Machi 1, nikapoteza mwaka mzima. Wenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, mnastahili, msidhani ni la raia peke yao. Na Agosti ukiletewa barua ya makadirio una siku 25 tu za kupinga thamani. Msiiweke droo, ingawa juu imeandikwa kwamba si bili.

Kwa walio kando ya maji kodi ni mwanzo tu. Juni 24, 2021 jengo la kondo la ufukweni kule Surfside lilianguka usiku, watu 98 wakafa. Mwaka uliofuata jimbo likapitisha sheria: kondo za ghorofa tatu na kuendelea zikifika miaka 30 zikaguliwe, karibu na bahari mamlaka zinaweza kudai zikifika 25, na fedha za matengenezo makubwa ziwekwe akiba kweli kweli. Ni sheria ya haki, watu wale wangekuwa hai. Ila wazee wa pensheni wameletewa michango ya makumi ya maelfu ya dola. Ongeza bima ya mafuriko. Wengi wameuza. Mama wa Kunduchi angekuwa huku angeelewa sana.

#7, Mdau, Nairobi

Sisi hapa kaunti inatoza ardhi, jengo hapana. Nairobi tulikaa na daftari la thamani la 1980 miaka nenda miaka rudi, ndiyo maana lilipoletwa la 2019 watu walishtuka. Sasa ni asilimia 0.115 ya thamani ya ardhi. Ploti ya milioni 20 ni shilingi 23,000 za Kenya kwa mwaka. Shida iko kwa fleti ambazo wenyewe hawajapata hati za kila mmoja. Bili inakuja moja ya ploti nzima, jirani mmoja asipolipa, wewe unayetaka kuuza huwezi kupata cheti cha kutodaiwa. Fuatilieni hati zenu mapema.

#8, Mwanzisha uzi

Nawashukuru, hasa ndugu wa Tampa. Umenifundisha kitu: haki ya kodi iko pia kwenye kasi ya kupanda, si kiwango peke yake. Madaraja ninayoyaomba yawe na ukomo wa kupanda, hilo naliongeza. Na ile barua ya Agosti yenye siku 25 za kupinga, hiyo sisi hatuna kabisa. Sisi makato yakiingia kwenye mita kimakosa, mzigo wa kuthibitisha ni wako, na hela wameshachukua.

Ndugu wa Nairobi, habari ya cheti cha kutodaiwa nimempelekea dada. Hati yake anayo, lakini majirani wawili bado.

Sasa la wazee, mmeniuliza wengi. Kwa baba nilihitaji kitambulisho cha NIDA, namba ya mita, na barua ya serikali ya mtaa inayosema yeye ndiye mmiliki na anaishi hapo. Nendeni na mzee mwenyewe kama anaweza kutembea. Nilipokwenda peke yangu nilirudishwa. Nilipomleta baba, amevaa koti lake la Ijumaa na miwani yake, akakaa kwenye kiti na kusema, "Mwanangu, mimi nina miaka sabini na moja, nyumba nilijenga tofali kwa tofali," kijana wa dirishani akasimama kumpokea karatasi.

Ila kwetu kuna wapangaji, na hapo pana mjadala, kwa sababu msamaha ni wa nyumba ya kuishi. Tuliambiwa wazi kwamba vyumba vinne vya kupangisha vinaifanya nyumba iingize kipato. Baba hakubisha. Alisema basi na akatwe, lakini akatwe yeye. Tukakubaliana mita inayokatwa iwe ya ndani, ile anayonunua yeye. Kwa hiyo tangu mwezi uliopita mama lishe akinunua wa 2,000 anapata uniti zake zote tano na nusu. Tarehe 1 alikuja kugonga mlango akiwa ameshika simu, akataka nithibitishe kwamba namba ile ni sahihi.

Kule Upanga wamiliki wana kikao Jumamosi hii. Dada amewaandalia barua ya kwenda kwa mbunge wao, inaomba apatimenti zihesabiwe kwa mita za mraba, na nimemsaidia kupima: yake ni 68. Ile nyumba ya Mbezi Beach sikuipima, lakini waya niliwahi kuutandaza humo ndani mwaka juzi, na roli nne za mita 100 hazikutosha. Wakijibiwa nitaleta majibu hapa hapa.